Sorry: ni pole, ni samahani, au ni kitu kingine kabisa?

Nianze na ngazi. Nilikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja Arusha, mwezi wa nne, masika yamekolea, na ngazi za kuingilia zilikuwa za vigae vile vya kung'aa ambavyo vikilowa hata paka anapita kwa adabu. Akaja mgeni mmoja mzungu na ndala zake na begi la magurudumu, hatua ya pili tu, pwaa, kakaa chini. Mi nikatoka mbio nyuma ya kaunta naimba "sorry, sorry, oh sorry sorry" kama ambavyo na wewe ungefanya, maana tumelelewa hivyo, mtu akianguka unampa pole kabla hata hujamfikia. Jamaa akainuka, hana hata mchubuko, tukacheka, yakaisha. Mi ndo nilijua yameisha. Siku ya kuondoka anamwambia meneja kwamba dada wa mapokezi mwenyewe alishaomba msamaha, tena mara nne, kwahiyo hoteli inajua kabisa ngazi zake mbovu, basi apunguziwe bili. Na akapunguziwa, usiku mmoja mzima. Meneja akaniita ofisini.

"Kwani we ndo ulimwaga yale maji?"

"Hapana bosi, ile ilikuwa mvua."

"Sasa ulikuwa unaomba msamaha wa nini?"

"Sikuomba msamaha bosi, nilikuwa nampa pole."

Akaniangalia, akakuna kichwa, akasema hiyo pole ningempa kwa Kiswahili ingekuwa bure.

Tangu siku ile nimekuwa naliangalia hili neno kwa makini kweli, na naandika hapa kwa ajili ya mtu yeyote anayefanya kazi na wageni, au ana bosi wa nje, au anaandika imeli za Kiingereza kutwa nzima na hajawahi kukaa chini akajiuliza sorry anayoitoa ni ipi. Maana shida yenyewe ni rahisi kuisema: sisi tuna maneno mawili, wao wana moja. Pole ni ya aliyepatwa, samahani ni ya aliyekosa. Mtoto wa miaka mitatu hachanganyi, akikukanyaga anasema samahani, ukijikwaa mwenyewe anakwambia pole, na wala hakuna aliyemkalisha darasani. Kiingereza kimeyatia yote mawili kwenye gunia moja, alafu anayeamua umetoa lipi ni anayekusikiliza. Na hapo ndo bili inapunguzwa.

Usidhani tulikosea sisi kulitumia kama pole lakini. Lenyewe kwa asili linatokana na maumivu, ukoo wake ni ule wa neno "sore", mahali panapouma, na watu wengi wanadhani ni ndugu wa "sorrow", huzuni, kumbe hayo mawili yana mizizi tofauti, yamefanana sura tu kama majirani waliokaa mtaa mmoja miaka mingi. Kwahiyo "I'm sorry" ya kale ilikuwa kitu kama naumia moyoni, ambayo ni pole kabisa. Kuomba msamaha kumekuja kukaa juu yake baadaye, na saivi ndo kunakosikika kwanza mtu akilisema peke yake, kavu, bila kitu nyuma.

Hiyo "bila kitu nyuma" ndo siri yote. Kwenye Kiswahili unachagua neno, kwenye Kiingereza neno ni lile lile ila unachagua mkia wake. Sorry isiyo na mkia ni kama meseji isiyo na jina, kila mtu anaisoma anavyotaka.

Sasa tuiweke mikia sambamba.

"Sorry to hear that" ni pole, pole safi, haina doa la kosa. Mtu kakwambia mwanae anaumwa malaria, kakwambia kafeli intavyuu, begi lake limebaki uwanja wa ndege, unajibu "I'm so sorry to hear that" na hakuna mahakama itakayokukamata, umesema tu kwamba habari uliyoisikia imekuuma. Kama huna uhakika utumie mkia gani kwa mtu aliyepatwa na jambo, tumia huu. Tatizo lake ni moja, unahitaji kuwa umesikia habari. Mtu kaanguka mbele ya macho yako huwezi kumwambia "sorry to hear that", utaonekana kichaa.

"Sorry for" ikifuatwa na kitendo, hiyo ni samahani na umekiri. "Sorry for being late", "sorry for shouting", umekubali kwamba uliyechelewa ni wewe na uliyepiga kelele ni wewe. Sasa "sorry for" hiyo hiyo ikifuatwa na mtu inageuka kitu kingine kabisa, inakuwa huruma, "I feel sorry for him", namwonea huruma. Na hapa ndo nina aibu yangu ya pili. Bosi wa rafiki yangu, Mwingereza, alifiwa na baba yake, rafiki akaniomba nimwandikie meseji kwa vile mi ndo "wa Kiingereza" kwenye kundi letu, nikaandika kwa kujiamini kabisa "We are very sorry for your father". Yani nilitaka kusema pole kwa msiba wa baba, kumbe nimeandika kitu kinachosomeka kama tunamwonea huruma sana baba yako, kana kwamba mzee bado yupo na ana matatizo. Bosi alijibu "thank you" kwa ustaarabu, ila mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Ilitakiwa iwe "sorry for your loss", ambayo unaikariri jinsi ilivyo, au "so sorry about your father". Kama hutaki kubahatisha kuna "my condolences", ambayo ni rambirambi, ya karatasi kidogo lakini haikosei. Angalau rambirambi ya kwao haina kile kitabu cha kuandikisha nani katoa shilingi ngapi.

"Sorry about" ndo kinyonga. Ukisema "sorry about the noise" na kelele inatoka kwako, ni samahani. Ukisema "sorry about your phone" kwa mtu aliyedondosha simu yake mwenyewe, ni pole. Anayeamua ni nani alishika kile kitu. Kwahiyo kama kuna hata chembe ya uwezekano kwamba kosa linaweza kuonekana la kwako, kama mi na zile ngazi, "sorry about" usiiguse.

Alafu kuna "sorry to" ya kitendo unachokifanya saa hiyo hiyo, "sorry to bother you", samahani kwa kukusumbua. Hii inafanana na ya kwetu kuliko zote, ile ya "samahani kaka, kituo cha daladala kiko wapi", wala hujakosa chochote, unapiga hodi tu kwenye muda wa mtu.

Sasa mgeni akianguka tusemeje? Meneja alituelekeza tuseme "Are you alright?" au "Oh no, are you OK?" na ni kweli wenyewe ndo wanachosema wakikuta mtu kaanguka. Mi ilinichukua muda mrefu kukubali. Kwa sikio la Kiswahili huo ni ukatili, mtu yuko chini, mkono umechubuka, we umesimama juu yake unamhoji uko sawa. Si unamuona! Pole inatoa kitu, "are you OK" inaomba taarifa. Lakini ndo neno lao, na kwao swali hilo ndo faraja yenyewe, likifuatiwa na kumshika mkono na kumletea maji. Mi saivi nachanganya, nasema "oh no, pole, are you OK?" na hakuna aliyewahi kudai punguzo.

Pole ambazo hazina sorry yake

Kuna pole za kwetu ambazo usizitafsiri, ziache nyumbani. Pole na kazi. Pole na safari. Pole na majukumu. Pole na jua. Hizi ukizigeuza kuwa "sorry for the work" au "sorry for the journey" umemtia mtu wasiwasi. Tulikuwa na kijana mmoja mpya pale mapokezi, mchangamfu, wageni wametoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku wa manane macho mekundu, anawapokea na juisi ya tende baridi na tabasamu, "Sorry for the journey!" Mama mmoja akageuka kumuuliza mumewe kuna nini, dereva kakosea njia? Gari iligonga kitu? Ikabidi tuanze kueleza kwamba hapana mama, ni salamu. Kiingereza cha hapo ni "You must be tired" au "How was your trip?", na kwa mwenye kazi nyingi ni "Busy day?" na hapo basi. Hawana neno la kumpa mtu pole kwa sababu tu ya kuishi siku yake. Mi naona wamepungukiwa, lakini hilo ni lao.

Ila niseme na hili, sorry ya namna yetu haiko peke yake duniani. Kiingereza cha Kenya, Uganda, Nigeria, Ghana, watu wanakwambia sorry ukidondosha kalamu, na hakuna anayekuuliza "kwani ni wewe?" Kwahiyo ukiwa Nairobi na Wakenya wala usijibane, sema sorry mpaka uchoke. Hii hesabu ya mikia ni ya pale unapoongea na Muingereza, Mmarekani, Mkanada na watu wa namna hiyo.

Excuse me au sorry?

Hii watu wengi wanaitafuta na kanuni yake ni nyepesi: "excuse me" kabla, "sorry" baada. Unataka kupita kwenye kundi la watu, excuse me. Umeshapita na umemkanyaga mmoja, sorry. Unataka kumuita mhudumu, excuse me. Umemuita na kumbe sio mhudumu, ni mgeni mwenzako kavaa shati jeupe, sorry, tena sorry ya nguvu.

Kwa kifupi excuse me ni naomba nipite, ni hodi, ni samahani ya kufungulia mazungumzo. Kule Unguja Mjini kwenye vichochoro mwenye mkokoteni anakupigia "simile! simile!" na Kariakoo unapigiwa "pisha pisha!" na mgongo umeshaguswa na gunia, hizo zote ni excuse me, tofauti ni sauti tu na uzito wa mzigo. Waingereza wenyewe wanavunja kanuni, wanasema sorry hata kabla, yani anataka kupita anasema "sorry" na we uliyesimama njiani unajibu "sorry" na wote hamjafanya kitu. Wamarekani nao wanavunja upande mwingine, wanaweza kukugusa bega alafu wakasema "excuse me" baada. Lakini angalieni sauti, "ex-CUSE me?" iliyopandishwa juu na jicho limetolewa, hiyo sio hodi, hiyo ni "ati unasemaje?" na kama umeambiwa hivyo na mwanamke wa Kimarekani ujue kuna ulichokisema, rudi nyuma pole pole.

Kwa kutosikia je? Mtu kaongea hujamwelewa. "What?" ni kama kusema "nini?" kwa mgeni, kavu. "Sorry?" na sauti unaipandisha mwishoni, ndo nzuri kuliko zote, nyepesi, inafaa kila mahali. "Pardon?" tulifundishwa shuleni kwamba ndo ya heshima, mwalimu alikuwa anatudai kabisa "say pardon!", na wala sio kosa, ila kwa Waingereza wa yale matabaka ya juu pardon inahesabika ni ya watu wanaojikaza kuonekana wastaarabu, kichekesho kweli, maana sisi tuliipigia magoti. Wenzetu wa Kongo waliokulia kwenye Kifaransa nao wanatua na "pardon" yao wanapomgusa mtu, na kwa Kifaransa iko sawa kabisa, kwa Kiingereza inaeleweka ila inasikika ya zamani kidogo. Na kumbuka pardon ya serikali ni kitu kingine, ule msamaha wa rais kwa wafungwa unaotangazwagwa siku kama ya Muungano, 26 Aprili, ule ndo pardon, na pale hakuna anayemwambia mfungwa sorry.

Sorry, apologise, regret: hapa ndo pana hela

Watu wanadhani haya matatu ni ngazi za heshima tu, kwamba sorry ya mtaani, apologise ya ofisini, regret ya barua. Nusu ni kweli. "We apologise for any inconvenience" ni ile ile tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza ya matangazo ya kukatika umeme, imesemwa mara nyingi mpaka haina ladha. Ila angalia kila moja inabeba nini. Sorry inasema ninavyojisikia, na inaweza kuwa kosa langu au lisiwe. Apologise ni kitendo, ukisema "I apologise" umeshaomba, haiwezi kuwa pole hata siku moja, ndo maana huwezi kumwambia mfiwa "I apologise for your loss" labda kama umemuua wewe. Regret inasema nasikitika kwamba jambo lilitokea, na ndani yake kuna kamlango kadogo ka kutokea: nani alilifanya? Haijasema.

Kama unaona nakuza mambo, angalia wakubwa wanavyoyapima haya maneno kwa mizani ya dhahabu. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kuhusu wazee wa Kenya walioteswa kwenye kambi za ukoloni wakati wa Mau Mau. Serikali yake ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Akasema serikali "sincerely regrets", inasikitika kwa dhati, kwamba mateso yale yalitokea, na kwenye hotuba hiyo hiyo akasema bado wanakataa kubeba dhima kisheria. Soma tena hiyo. Hela wametoa, masikitiko wametoa, neno la kuomba msamaha hawakulitoa. Ni ile pole ya meneja wangu kabisa, punguzo la usiku mmoja lakini ngazi sio mbovu.

Miaka kumi baadae, 31 Oktoba 2023, mfalme Charles yuko Ikulu ya Nairobi kwenye dhifa, akazungumzia "greatest sorrow and deepest regret", huzuni kubwa na masikitiko makubwa, akasema hata kisingizio hakuna. Maneno mazito, lakini ukiyapekua apologise haimo, na Wakenya waliliona hilo hapo hapo, maana tofauti ya pole na samahani sisi hatufundishwi. Kesho yake tu, 1 Novemba, upande huu wa mpaka, rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier yuko Songea kwenye makumbusho ya Majimaji, mbele ya wajukuu wa watu waliouawa kwenye vita vile vya 1905 mpaka 1907, na yeye akaomba msamaha, yani akaomba, kwa yale Wajerumani waliyowafanyia mababu zao, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, ambaye walimnyonga 1906. Siku mbili zinazofuatana, nchi mbili jirani, mmoja katoa pole, mwingine kaomba samahani. Ukimweleza mwanafunzi tofauti ya regret na apologise kwa mfano huu hasahau.

Australia nao walishikana mashati miaka mingi juu ya hili hili neno, kuhusu watoto wa wenyeji waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao. Mwaka 1999 John Howard akiwa waziri mkuu bunge lilipitisha azimio la "deep and sincere regret", sorry yenyewe aligoma kuitamka, watu wakaendelea kuidai mpaka 13 Februari 2008, waziri mkuu aliyemfuata, Kevin Rudd, akasimama bungeni akasema "sorry", wazi wazi, na watu walilia. Kwahiyo ukiambiwa sorry ni neno jepesi la mtaani na apologise ndo zito, sio kila mahali. Kule ile ya mtaani ndo iliyokuwa inasubiriwa.

Na zile ngazi zangu, kumbe wenyewe wenye lugha walishaona ni balaa mpaka wakatunga sheria. Jimbo la Ontario kule Kanada lina sheria ya kuomba radhi ya mwaka 2009, inayosema mtu akisema sorry hiyo haihesabiki kuwa amekiri kosa mbele ya mahakama, na British Columbia walitangulia mwaka 2006. Uingereza nayo, mwaka huo huo wa 2006, iliweka kifungu kinachosema kuomba radhi peke yake hakuwi kukiri uzembe. Yani watu walikuwa wanaogopa kupeana pole kisa kesi, ajali imetokea dereva kafunga mdomo kama kameza kufuli, mpaka bunge likae liseme jamani peaneni pole, hamtashtakiwa. Ningekuwa najua haya siku ile ningemjibu meneja vizuri, japo Arusha sio Ontario na punguzo lilikuwa limeshatolewa.

Kwa kazi za kila siku basi: umekosa kweli na unaandika kwa kasitoma, "I apologise for" au "I'm sorry for" na utaje kosa lenyewe kwa jina, usijifiche kwenye "any inconvenience". Kumbuka ni "apologise to you", sio "I apologise you", hili kosa nalikuta kwenye imeli kila wiki. Jambo limetokea na sio wewe, "I'm sorry to hear". Unakataa ombi, "I'm afraid we're full", na hiyo afraid sio woga, kijana wetu yule yule wa juisi alimuuliza mgeni mmoja "why are you afraid?" tukakimbilia jikoni kucheka. Ni kwa bahati mbaya tu, na kwa kukataa ni laini kuliko sorry. Regret iachie barua za benki na za kukunyima viza.

Uzito wake unapandaje

Sisi tunapandisha kwa kubadilisha neno: samahani, naomba radhi, niwie radhi, kumradhi kwa watu wa mwambao, mpaka nisamehe baba nimekosa, na ukiwa mdogo unaongea na mkubwa unaongeza mwili, unainama, mikono miwili. Sorry haina mkubwa na mdogo, bibi na mjukuu wanapewa ile ile. Inapandishwa kwa kuongezwa maneno. "Sorry" peke yake ni ya kugusana mabega. "I'm sorry", ukishaweka na hiyo "I'm", imeshakuwa ya kweli zaidi. "I'm so sorry", "I'm really sorry", hapo umevunja kikombe cha mtu. Ukiirudia rudia kama mimi, sorry sorry sorry, hupandishi, unashusha, inasikika kama mtu anayetaka yaishe haraka. Hii kwetu ni kinyume, pole pole pole mara tatu ndo upendo wenyewe.

Na kujibu. Wengi hapa tunateleza. Pole jibu lake asante, au nishapoa. Samahani jibu lake bila samahani, au usijali. Sasa kwa vile sorry ni mbili, angalia umepewa ipi. Umefiwa au unaumwa, mtu kasema "I'm so sorry", jibu "thank you". Kakukanyaga kasema sorry, ukimjibu "thank you" atadhani unamkejeli, sema "no worries" au "that's alright". Na wao wakipewa sorry yetu ya pole wanajibu "it's not your fault", na usichukie, mtu anajaribu kukuondolea kosa ambalo we hukuwahi kulibeba.

Zilizobaki ni za kupita tu. "You'll be sorry" ni utajuta, kitisho. "Better safe than sorry" ni tahadhari kabla ya hatari, ile ile. "In a sorry state" ni hali ya kusikitisha, nyumba imechakaa, paa limeinama. "On Tuesday, sorry, Wednesday" ni ulimi umeteleza, sisi tungesema "Jumanne, aah, Jumatano". Na ile ya vijana ya "sorry not sorry" ni nimefanya na sijutii, hiyo kwa bosi usiipeleke hata kwa utani.

Zile ngazi walikuja kuzibandika mikeka ya mpira baadae. Na wageni nao wana yao, maana wakipanda Kilimanjaro wapagazi na waongoza watalii wanawaambia "pole pole" wiki nzima, wakishuka ndo Kiswahili walichobaki nacho. Siku moja nimejimwagia chai ya moto mkononi pale kaunta, bibi mmoja wa Kijerumani alikuwa anasubiri funguo, akaruka kunishika mkono, sura yote huruma, anatafuta neno la Kiswahili na amepata moja tu. "Pole pole! Pole pole!" Nikamwambia nishapoa mama.